Nilimfunga Mke wa Mwanangu

Nilimfunga mke wa mwanangu kwa kamba ya ng'ombe, kwenye nguzo ya jiko langu, siku ya tisa baada ya kujifungua. Nimeanza na hilo kwa sababu kila nikijaribu kusimulia habari hii huanzia mbali. Naanza na mvua ya mwaka ule, au na maneno ya majirani, na nikifika kwenye kamba huwa nimeshajikusanyia visingizio vya kutosha. Basi na ijulikane mapema. Na baada ya kumfunga, nilimpiga.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nilifundisha shule za msingi za Tetu kwa zaidi ya miaka thelathini, Kiswahili na Hisabati, na wote niliowafundisha wanajua kiboko changu. Tulisoma tukipigwa, tukafundisha tukipiga. Mume wangu alikufa mwana wetu akiwa kidato cha pili. Nilibaki na shamba la majani chai, ng'ombe wawili wa maziwa, na mwana huyo mmoja, ambaye alikua akawa mpishi katika hoteli huko Nanyuki. Huko ndiko alikompata mkewe, fundi wa nguo kutoka upande wa Chuka, mashariki ya mlima. Alikuwa msichana mrefu, mcheshi, mwenye kicheko cha kuamsha nyumba nzima. Nilimpenda. Hilo pia nalisema mapema, maana watu hudhani ukimfunga mtu na kumpiga lazima uwe ulimchukia tangu mwanzo.

Mimba ilipofika mwezi wa saba, mwanangu alimleta kwangu. Wao walikuwa wakiishi chumba kimoja, na kazi ya hoteli ilimweka mbali na nyumbani siku nzima.

"Maitu, atakaa na wewe mpaka mtoto akuje," aliniambia. "Hapa kuna maziwa, kuna hewa safi."

Nilifurahi. Maitu ni mama kwa Kikuyu, na msichana yule alikuwa ameshaanza kuniita hivyo yeye mwenyewe, bila kufundishwa.

Lakini kile kicheko hakuja nacho. Mwanzoni nilidhani ni ugeni. Alikuwa akikaa kando ya dirisha akitazama bonde, mikono juu ya tumbo, kama mtu aliyewekewa mzigo na asijue mwenyewe ni nani. Usingizi haukumshika. Chakula alikipeleka huku na huku kwenye sahani. Siku moja, nikiwa namenya viazi, akaniambia bila kunitazama:

"Maitu, mimi naogopa huyu mtoto."

"Kila mwanamke huogopa kuzaa."

"Si kuzaa. Namwogopa yeye."

Nilicheka. Nikamwambia hayo ni mawazo ya mimba, yatakwisha akimshika mtoto mkononi. Kliniki tulikwenda pamoja mara mbili. Walimpima damu, wakampima uzito na presha, wakazungusha utepe tumboni. Muuguzi aliuliza huku macho yake yakiwa kwenye kadi, "Mama, uko sawa?" na kabla msichana hajafungua mdomo nikajibu mimi: "Yuko sawa." Nilikuwa nimezoea kuwajibia watoto wa watu.

Uchungu ulimshika asubuhi ya Jumatatu. Sitaitaja hospitali tuliyokwenda. Nilikaa kwenye benchi la ukumbi, na kati yangu naye kulikuwa na pazia tu, kwa hiyo nilisikia yote. Nilisikia akilia, nikasikia mkunga akimfokea: "Nyamaza! Ukitafuta hii mimba ulikuwa unalia? Fungua miguu!" Kisha nikasikia kofi, kofi la mkono wazi juu ya paja, na jingine, na la tatu. Niliendelea kukaa. Nilijiambia hivyo ndivyo wanavyowasaidia wasichana wavivu wa kusukuma. Saa tisa alasiri mtoto alikuwa amechoka tumboni, wakampeleka mama mbio kwenye chumba cha upasuaji, wakampasua.

Alikuwa msichana. Kwa desturi yetu binti wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake, kwa hiyo aliitwa jina langu. Wanawake walinipigia vigelegele mimi kama vile ndimi niliyezaliwa. Na kwa mila zetu ndivyo ilivyo, mtu huyo amezaliwa tena.

Siku ya nne tulirudi nyumbani. Wanawake wa mtaa wakaja na kuni mgongoni, ndizi, uji wa wimbi kwenye mitungi, na sufuria ya njahi, yale maharagwe meusi tunayompa mzazi ili apate nguvu na maziwa. Walimkuta amekaa kitandani akizungumza. Alizungumza haraka, bila kuvuta pumzi, Kimeru, Kiswahili, Kikuyu chake cha kuazima, vyote kwa pamoja. Siku ya tano alichukua mkasi wake wa kazi akakata nguo zote za mtoto vipande vidogo vidogo. Nilipomwuliza kwa nini, akasema zilikuwa na macho. Siku ya sita jirani alimletea bakuli la njahi, moto bado. Alilinusa.

"Mmetia nini humu?"

"Hakuna kitu, mami. Kula, mtoto anataka maziwa."

Akalirusha bakuli lile kwa nguvu zake zote. Liligonga ukuta juu ya kichwa cha jirani, na maharagwe ya moto yakamwagikia shavuni na shingoni. Jirani alipiga kelele, wanawake waliokuja naye wakatoka mbio, na jua halijatua kilima kizima kilikuwa kimesikia kwamba mke wa mwana wa mwalimu ana pepo.

Sikumwita mtu yeyote wa hospitali. Nilimpigia mwanangu simu nikamwambia mkeo ana hasira tu, ni uchovu. Niliona aibu. Nilikuwa mwalimu, mzee wa kanisa, mtu aliyeitwa kuamua ugomvi wa wengine.

Siku ya tisa, saa moja asubuhi, nilikuwa zizini nikikamua. Nilisikia kitu kikiburuzwa juu ya mawe nyuma ya nyumba. Kulikuwa na kitu kimoja tu cha kutoa mlio ule, nacho ni kifuniko cha mbao cha tangi letu la maji ya mvua. Nilikimbia na ndoo ya maziwa mkononi, sijui kwa nini sikuiacha.

Alikuwa amesimama juu ya tofali, kifuniko kiko chini, mtoto kamshika kwa mikono miwili juu ya maji. Alikuwa mtulivu kuliko nilivyomwona kwa siku zote hizo.

"Mko wawili," aliniambia. "Uliingia ndani yangu nikiwa nimelala, ukatoka tena. Mmoja lazima arudi."

"Mami, nipe mtoto."

"Nikimrudisha huyu, wewe utaniacha."

Nilimrukia. Sikumwomba tena wala sikumbembeleza. Nilishika shuka ya mtoto nikavuta, na mtoto akaja kifuani kwangu akilia, nami nikaanguka chali kwenye maziwa na matope. Yeye alishuka akaokota kuni moja kutoka kwenye zile walizoleta wanawake. Pigo la kwanza lilinipata kwenye mkono niliomkinga nao mtoto, nikasikia mfupa ukivunjika kabla ya kuhisi maumivu. La pili lilinipata juu ya sikio. Alikuwa akilenga kichwa changu, na alipoinua kuni kwa mara ya tatu nilimpiga teke. Nilimpiga teke tumboni, chini ya kitovu, kwenye mshono. Nilijua mshono uko pale. Mimi ndiye niliyekuwa nikiuosha kila asubuhi.

Alikunjika akaanguka. Jirani, yule yule aliyeungua shavu, alipita kwenye ua akaja. Alinipokonya mtoto, akamlaza kwenye nyasi, na sisi wawili tukamburuta msichana yule hadi jikoni, yeye akituuma na kutupiga kwa visigino. Kamba ilikuwa imetundikwa mlangoni. Tulimfunga mikono nyuma ya nguzo, kisha miguu. Jirani akatoka kwenda kumtazama mtoto.

Hapo ndipo nilipochukua fimbo ya ng'ombe. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa ukining'inia, nikautumia wa kulia. Nilimpiga miguuni, mabegani, mgongoni palipofikika. Hakuwa na uwezo wa kunidhuru tena, mtoto alikuwa salama, na bado nilimpiga, nikimwambia kwa kila pigo, "Utarudia? Utarudia?" kama nilivyowaambia watoto darasani. Naye akaanza kucheka. Ndipo nilipokisikia kile kicheko chake cha zamani, kwa mara ya kwanza tangu aje kwangu. Niliacha kupiga kwa sababu niliogopa.

Mwanangu, niliyemwita kwa simu, alifika saa sita mchana. Alinitazama mkono, nikamwambia habari ya tangi. Aliingia jikoni akafunga mlango. Mimi nilikuwa nimekaa nje juu ya ndoo iliyopinduliwa, mtoto akinyonya kitambaa kilicholoweshwa maziwa, na nilisikia kila kitu kama nilivyosikia nyuma ya pazia la hospitali. Sikufungua mlango. Alitoka akilia, vifundo vya mkono vimechubuka, akaenda kukaa kwenye mistari ya chai.

Alasiri walikuja watu wa maombi kutoka kanisa dogo la chini ya barabara. Niliwakaribisha mimi. Mhubiri alimmiminia mafuta kichwani, wanawake wawili wakamkalia miguu, na kila alipopiga kelele walimzaba makofi wakimwamuru pepo atoke. Kesho yake wakarudi. Siku hiyo ya pili mshono ulifunguka. Niliona nguo yake ikilowa, nikasema labda ni damu ya uzazi. Nilimpa uji kwa kijiko. Alikuwa ameacha kucheka, ameacha na kuongea.

Siku ya tatu tangu afungwe, asubuhi, alikuja mhudumu wa afya wa kijiji, mmoja wa wanawake wanaozunguka nyumba hadi nyumba kuwatazama watoto wachanga. Alikuwa na gambuti miguuni na mkoba begani. Nilikuwa nimemfundisha darasa la tano. Alikuwa na kigugumizi, na nilikuwa nikimchapa kila anaposhindwa kusoma kwa sauti, nikiamini kigugumizi ni ukaidi.

"Habari ya asubuhi, Mwalimu," alisema, amesimama wima vile vile alivyosimama darasani. "Nimekuja kuona mtoto na mama."

"Mtoto huyu hapa. Mama amelala."

Alimtazama mtoto, akamfunua, akamhesabia pumzi. Kisha akatazama mkono wangu uliofungwa kwa leso. Akatazama mlango wa jiko, mahali mwanangu alikuwa amesimama.

"Analala jikoni?"

Hakungoja jibu. Alimpita mwanangu kama anavyopita mti. Nilimfuata. Alichuchumaa mbele ya msichana yule, akamshika kidevu, akatazama damu kwenye nguo, akavuta harufu. Alipogeuka kutuangalia, macho yake yalikuwa yamebadilika.

"Nipe kisu."

"Usimfungue," mwanangu akasema. "Alitaka kuua mtoto. Alivunja mamangu mkono. Ako na pepo."

"Huyu ni mgonjwa. Hu-huu ni ugonjwa, uko na jina, uko na dawa. Mimi niligonjeka hivi nikizaa wa pili. Mlisikia ati nimeenda kukaa kwa dada yangu. Si-sikuenda kwa dada. Nililazwa."

"Toka kwa boma yetu."

Aliinua mkono. Mwanamke yule hakurudi nyuma hata hatua moja.

"Nipige," alimwambia. "Mamako alinipiga miaka, na sikukufa. Lakini huyu atakufa hapa leo ama kesho, na nitasema kwa chifu nani alimuua."

Wote wawili walinigeukia. Kati ya yote niliyofanya mwezi ule, hili moja silijutii.

"Mpe kisu," nilimwambia mwanangu.

Tulimpandisha nyuma ya pikapu ya jirani, juu ya godoro, katikati ya makopo ya maziwa. Njiani kuelekea Nyeri mjini alizinduka akamwuma mwanangu kidole hadi mfupa, na mwanangu, nakumbuka, aliinua ngumi, akamtazama yule mhudumu, akaishusha. Mlangoni mwa hospitali mlinzi hakutaka tuingie, alisema wenye wazimu hawaingii kwa mlango huo. Mhudumu alimwonyesha damu akamwambia: "Huyu ni mzazi wa siku kumi na moja." Tukaingia.

Walimshika watu wanne wakamchoma sindano. Hata hiyo ilikuwa vita. Alipambana nao kwa kichwa, kwa meno, kwa kucha, hadi mwili ukalegea polepole, na katika dakika kumi nilimwona amelala kwa mara ya kwanza baada ya wiki moja na zaidi. Wakamsafisha, wakamshona upya. Kisha muuguzi wa magonjwa ya akili, mwanamume mpole mwenye sweta iliyochakaa viwiko, akatuita chumbani.

Alitueleza kwa Kiswahili chepesi. Alisema kuna huzuni inayowapata wazazi wengi, wakati wa mimba na baada yake, na aghalabu hakuna anayewauliza. Alisema kuna na huu mwingine, ambao si wa kawaida, unaokuja kwa kishindo siku chache baada ya kuzaa. Mama halali, anasikia sauti, anaamini mambo yasiyokuwapo, na anaweza kumdhuru mtoto huku akiamini anafanya jambo jema. Alisema huo ni wa kukimbizwa hospitalini siku ile ile, kama vile mtu anayevuja damu. Alisema wengi hupona.

"Hizi alama ni za kamba," akasema. "Na hizi zingine? Nani alimpiga?"

Mwanangu alitazama chini.

"Mimi," nilisema. "Kisha yeye. Kisha watu wa maombi."

Aliandika. Hakunikemea, na ningependa angenikemea.

"Na wewe mama, wakati ulizaa, uliwahi kugonjeka hivi? Ama kuwa na huzuni sana?"

"La," nilijibu.

Mama wa msichana alifika kutoka Chuka kesho yake pamoja na mwanawe mkubwa wa kiume. Ni mwanamke mdogo, hanifiki begani. Aliingia wodini, akakaa huko nusu saa. Alipotoka alinikuta kwenye uwanja wa kuegesha magari, mkono wangu umefungwa plasta, mtoto mgongoni kwa jirani. Alinyanyuka kwa vidole vya miguu akanizaba kofi, na nilipotengeneza kitambaa changu kichwani akanizaba la pili.

"Nilikupa msichana," alisema. "Hata ng'ombe wangu sijawahi kumfunga vile. Hata mbwa!"

Kaka wa msichana naye akaja. Alimkamata mwanangu kwa kola akampiga ngumi ya mdomo, na jino la mbele likaanguka kwenye kokoto. Walinzi waliwatenganisha. Mwanangu hakurudisha. Watu walikuwa wamekusanyika, baadhi yao wakiwa wazazi wa watoto niliowafundisha, nami nilisimama pale uso ukiniwaka, sina mahali pa kuuweka.

Msichana alilazwa karibu mwezi mzima. Kila siku nilitoka Tetu na mtoto ili amwone, kwa sababu muuguzi alisema asitenganishwe na mtoto wake. Siku za kwanza hakumtazama. Mikono yake ilitetemeka kwa dawa, ulimi ulikuwa mzito. Wiki ya tatu aliniuliza:

"Nilimtupa?"

"Hapana."

"Nani alimshika?"

"Mimi."

Akanyoosha mikono, nikampa mtoto, muuguzi akiwa karibu. Nilidhani, kwa ujinga wangu, kwamba ugonjwa umemfutia mengine. Siku mbili baadaye, akimlisha mtoto kwa chupa, alianza kuhesabu kwa sauti ya kawaida kabisa. Teke. Kamba. Fimbo, akasema ilikuwa mara nane. Kisha bwanake, kisha yule mama mnene wa maombi aliyemkalia goti la kushoto. Alikumbuka hata uji, kwamba haukuwa na sukari.

Alipotoka hakurudi kwangu wala Nanyuki. Alikwenda kwa mama yake na mtoto, na dawa zake kwenye mfuko wa karatasi. Mwezi wa nne tangu aondoke nilimfuata. Mama yake aliniweka kiti nje, akaniletea chai, akarudi ndani bila kukaa nami. Msichana alikuwa akivuna maharagwe nyuma ya nyumba. Nilikwenda nikaanza kuvuna kando yake, maana sikujua namna nyingine ya kusimama mbele yake.

Nilimwambia nisichomwambia muuguzi. Kwamba nilipomzaa mwanangu sikumtaka. Hayakuwa mapepo wala sauti. Nilikuwa mtupu tu, kama debe. Tulikuwa na kahawa wakati ule. Nilikuwa nikimlaza mwishoni mwa mstari wa kahawa nikaenda kukaa mwisho wa pili, nikimsikia akilia, nikingoja achoke anyamaze, na nikitamani anyamaze kabisa. Mume wangu alinifumania. Alinipiga kwa mshipi hadi chuma cha mshipi kikaniachia kovu nyuma ya paja, na mavyaa wangu alishika mlango kwa nje ili nisitoke. Baadaye mavyaa huyo alinikanda kwa maji ya chumvi akaniambia mshipi ndio dawa ya uvivu wa wazazi. Nilimchukua mwanangu, nikamnyonyesha, nikasahau. Au nilisema nimesahau.

Alisikiliza hadi mwisho. Nilidhani atalia, au atanishika mkono. Nilikuwa nimesafiri mlima mzima nikilitegemea hilo.

"Kwa hivyo ulijua," alisema.

"Nilijua."

"Nilikuambia naogopa mtoto. Wewe ulikuwa unajua hiyo kitu ni nini. Ukacheka."

"Ndiyo."

"Na bado ukanifunga."

Alichukua kikapu chake akaingia ndani. Nilimaliza mstari wa maharagwe peke yangu, nikaaga, nikarudi nyumbani. Nimetafakari maneno yale kuliko mahubiri yote niliyosikia maishani. Mimi sikufanya nililofanya kwa kutojua.

Alirudiana na mwanangu baada ya miezi minane, kwa masharti yake. Mwanangu aliapa mbele ya ndugu za mkewe kwamba hatainua mkono tena, na kwamba kila mwezi atakwenda naye kwa muuguzi, aingie ndani, asibaki nje kwenye simu. Sitasema amekuwa malaika. Najua ameshapiga mlango ngumi hadi ukapasuka. Ila hajampiga mke. Kuhusu mimi, sharti lilikuwa kwamba sitaachwa peke yangu na yeye wala na mtoto. Lilidumu miaka miwili. Nilikwenda kwao Nanyuki kama mgeni, nikakaa kwenye kiti nilichoonyeshwa.

Siku hizi, kila Jumanne, mimi hufuatana na yule mhudumu wa afya katika mizunguko yake. Yeye huuliza maswali, mimi hukaa na akina mavyaa jikoni na kuwaambia nilichofanya. Wengine hunisikiliza. Huko juu karibu na msitu mzee mmoja alitufukuza kwa panga, akatukatia mkoba ukaanguka vipande, na mkewe, msichana mdogo aliyetoka kujifungua, alikuwa ndani akilia. Tulirudi na chifu. Tulimpata hai.

Mwaka jana mke wa mwanangu alipata mimba ya pili. Alimwambia muuguzi kabla ya kumwambia mume. Walipanga mapema: dawa gani, hospitali gani, nani ampigie nani simu, na kwamba baada ya kuzaa alale, alale kuliko kitu kingine chochote. Wiki ya kwanza aliyekaa naye alikuwa mama yake. Siku ya tano mama yake alishikwa na homa, na simu ikaja kwangu, niende Nanyuki. Nilidhani nimesikia vibaya.

Siku ya sita tulikuwa tukinywa chai ya asubuhi, binti mkubwa amekwenda shule, mtoto mchanga kifuani kwake. Aliweka kikombe chini.

"Maitu, sijalala tangu juzi. Na nasikia redio."

Hakukuwa na redio.

"Inasema nini?" nilimwuliza.

"Bado ni muziki tu. Piga simu sasa. Halafu uchukue mtoto uende naye kwa chumba ingine, na usinipatie hata nikikuomba. Hata nikikutukana."

Nilimpigia muuguzi. Nilimpigia mwanangu. Akanipa mtoto kwa mikono yake, akaniangalia hadi nilipovuka mlango. Muuguzi alifika na daktari kabla ya saa tano, wakampa dawa. Alitukana kidogo kupitia ukuta, aliniita majina ambayo nimeyastahili, kisha akanyamaza. Mwanangu alifika na aproni ya hoteli bado kiunoni, akakaa sakafuni mlangoni kwa mkewe.

Alilala hadi saa kumi na moja jioni. Redio iliendelea siku tatu, ikififia, ikazimika. Hakulazwa. Hajawahi kuniambia amenisamehe, na sijamwuliza. Alipoamka siku ile alikuja mlangoni akishikilia ukuta, nywele zimesimama, akatutazama mimi na mtoto.

"Amekula?"

"Mara mbili."

"Sawa," alisema. "Kaa na yeye. Narudi kulala."